Kupinga dhulma bila ya kunyanyua mkono: ni imani au ni mbinu?

Maalim wa Wete anauliza:

Assalaamu alaykum wazee wangu na ndugu zangu.

Mimi ni mwalimu wa Historia katika skuli moja ya sekondari hapa Wete. Wiki iliyopita nilikuwa nasomesha harakati za haki za raia za Wamarekani weusi, nikafika kwenye mgomo wa mabasi wa Montgomery, ule ulioanza tarehe 5 Disemba 1955 na kudumu siku 381. Nilieleza, kama tulivyozoea kueleza, kwamba Martin Luther King aliyachukua mafunzo ya Injili akayaunganisha na njia ya Gandhi, kisha nikageukia ubao niandike tarehe. Mwanafunzi mmoja wa kike, anayekaa safu ya nyuma na ambaye kwa kawaida hasemi, akanyoosha mkono akaniuliza: ikiwa mzizi wa jambo hili ni Ukristo na Uhindu, basi sisi tunalisoma kama habari za watu tu, au na sisi tunalo? Kabla sijajibu, kijana mwengine akadakia kwamba dini haimo kabisa. Wale watu hawakuwa na bunduki, na wangekuwa nazo wangezitumia, kwani asiye na nguvu siku zote huuita unyonge wake subira. Darasa zima likacheka. Kengele ikalia, na mimi nakiri kwamba niliishukuru kengele ile.

Tangu siku hiyo maswali hayo mawili hayajaniacha, na naona kwamba kwa kweli ni swali moja. Kama kukataa dhulma bila ya kupiga ni imani, basi msichana ana haki ya kuuliza ni imani ya nani. Kama ni mbinu tu ya mnyonge, basi kijana ameshinda. Naomba msaada wa wenye kujua, na naomba musinipe jibu la kunifurahisha, kwa sababu Jumatatu nitasimama mbele ya wale wale waliocheka.

Mzee wa Malindi anajibu:

Wa alaykumus-salaam, Maalim. Nianze hapa hapa nyumbani, kisha nitoke.

Mwaka 1893 wakili mmoja kijana wa Kihindi, mwenye umri wa miaka 23, alishuka Zanzibar akakaa kiasi cha siku nane au kumi akisubiri meli ya kumpeleka Natal, Afrika Kusini. Hakuwa mtu mashuhuri, na hapa hakufanya lolote la kukumbukwa. Alikuwa akienda kuitumikia kampuni ya Dada Abdulla, mfanyabiashara Muislamu wa asili ya Porbandar, katika kesi ya madai ya fedha. Huyo ndiye Gandhi. Nalitaja hili kwa sababu tunapomwambia mwanafunzi kwamba mzizi ni Uhindu, tunausahau mji uliompokea na watu waliokaa naye. Katika mkutano wa Johannesburg wa tarehe 11 Septemba 1906, uliofanyika ukumbi wa Empire ili kuikataa sheria ya kuwasajili Waasia wa Transvaal kwa alama za vidole, aliyesimama akasema kwamba waape kwa jina la Mwenyezi Mungu kutoitii sheria ile alikuwa Haji Habib, Muislamu. Gandhi mwenyewe ameeleza kwamba maneno yale yalimshitua, akaona lazima asimame awaeleze watu uzito wa kiapo, kwamba anayeapa mbele ya Mungu hana tena ruhusa ya kuwatazama wenzake kama wanaendelea au wamerudi nyuma. Kwa hivyo siku ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo ya kuzaliwa kwa njia ile, kiini chake kilikuwa kiapo, na aliyekitoa ni mtu ambaye wewe na mimi tungemwita Sheikh bila ya kusita.

Jina la njia hiyo lilikuja baadaye. Mwanzoni waliiita kwa Kiingereza kwa maneno yenye maana ya upinzani usio wa vitendo, na Gandhi hakuridhika, kwa sababu hiyo hiyo aliyoitaja kijana wako: lilisikika kama silaha ya mnyonge. Gazeti lake likatangaza zawadi kwa atakayebuni jina, na kutoka hapo likapatikana neno satyagraha, yaani kuushika ukweli na kutouachia. Mwaka 1920 aliandika wazi kwamba iwapo hakuna la kuchagua ila woga au nguvu, yeye angeshauri nguvu. Msomee kijana sentensi hiyo kabla ya kumsomea nyengine yoyote.

Sasa msichana. Mwambie amtafute Abdul Ghaffar Khan, ambaye watu wake wa Pashtuni walimwita Badshah Khan. Huyu alikuwa Muislamu wa mpakani mwa Afghanistan, wa kabila ambalo kisasi kwao ni deni la ukoo na bunduki ni sehemu ya mavazi ya mwanamme. Mwaka 1929 aliunda Khudai Khidmatgar, maana yake Watumishi wa Mungu, wakavaa nguo nyekundu na kuapa kwamba hawatapiga wala hawatalipa kisasi. Watu hawa walikuwa na bunduki, tena walizijua vizuri mno, na walizitua. Tarehe 23 Aprili 1930, katika soko la Qissa Khwani mjini Peshawar, askari wa Kiingereza waliwapiga risasi watu wasiokuwa na silaha, na kikosi kimoja cha askari wa Garhwal kikakataa amri ya kufyatua. Badshah Khan hakusema kwamba amejifunza haya kwa Gandhi. Alisema ni silaha ya Mtume, na silaha hiyo ni subira na uadilifu.

Naye hakuzua. Sote tulikaa chuoni tukasikia habari ya wana wawili wa Adam, mmoja akimwambia nduguye kwamba hata akimnyooshea mkono amuue, yeye hatamnyooshea wake, kwa kuwa anamuogopa Mola wa walimwengu. Katika tafsiri imepokewa kwamba yule aliyeuawa ndiye aliyekuwa na nguvu zaidi kati ya wawili hao, na kilichomzuia ni kuogopa dhambi. Sitaki nionekane nimeifuta ruhusa ya kujitetea, ambayo ipo katika sheria yetu na haina shaka. Nasema tu kwamba tulipoambiwa habari ya Bilal chini ya jiwe, akirudia neno moja, Ahad, hakuna mtoto aliyedhani kwamba Bilal alikuwa mnyonge na Umayya, bwana wake aliyemtesa, ndiye mwenye nguvu. Tulilijua hilo kabla ya kujua kuandika.

Mwana wa Paje anajibu:

Shikamoo mzee wangu, na Maalim nakuamkia.

Mimi nitazungumzia Montgomery, na nianze na neno. Tunasema mgomo wa mabasi, lakini madereva hawakugoma. Waliosusa ni abiria, na wengi wao walikuwa wanawake wanaofanya kazi za nyumbani kwa watu. Kususa kwetu ni jambo la kuchekwa. Mtoto akisusa chakula huambiwa ukisusa, wenzio wala. Msemo huo una siasa nzima ndani yake, kwa sababu kususia hushindwa pale ambapo wapo wenzio wa kula. Montgomery kulishindikana kula, kwani weusi walikuwa kiasi cha robo tatu ya abiria wote, na mabasi yakawa yanapita matupu. Jo Ann Robinson na wanawake wenzake wa baraza lao la siasa walichapisha maelfu ya vikaratasi usiku ule ule aliokamatwa Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi, kabla King hajachaguliwa kuongoza chochote. Kwa hivyo, Maalim, usiwape wanafunzi picha ya mhubiri mmoja mwenye vitabu viwili mkononi.

Ama imani, ilikuwepo, lakini ilibidi ifanyiwe mazoezi. James Lawson, mchungaji Mmethodisti aliyefungwa kwa kukataa kwenda vitani Korea, aliishi Nagpur, India, kwa miaka kadhaa, kisha akaja Nashville akawa anawafundisha wanafunzi wa vyuo ndani ya kanisa. Waligawana sehemu kama katika mchezo wa kuigiza. Mmoja anakaa kwenye kiti kama aliyekwenda kuagiza chakula katika mkahawa wa wazungu, na wenzake wanamtukana, wanampulizia moshi wa sigara usoni, wanamvuta nywele, wanamsukuma mpaka anaanguka, na yeye anajifunza kutorudisha na pia kutomuondolea macho yule anayemtenda. Februari 1960 wakaingia mikahawani kweli. Mwezi wa Mei mwaka huo huo mikahawa ya katikati ya mji ikaanza kuwahudumia. Aprili, Diane Nash, msichana wa miaka 21, alikuwa amemuuliza meya hadharani kama yeye, kwa dhamiri yake, anaona ni haki kumbagua mtu kwa rangi, na meya akajibu kwamba haoni kuwa ni haki. Unaona, Maalim? Swali lilielekezwa kwenye dhamiri ya mtu. Usingeuliza vile kama huamini kwamba aliye mbele yako anayo.

Kisha Birmingham, huko huko Marekani, mwaka 1963, kila aliyejitolea alitia saini kadi ya ahadi kumi. Ya kwanza ni kutafakari kila siku mafunzo na maisha ya Yesu. Nyengine ni kukumbuka kwamba kinachotafutwa ni haki na suluhu, si ushindi. Na nyengine ni kujizuia na ubaya wa ngumi, wa ulimi na wa moyo. Nilipoisoma hii mara ya kwanza nilisimama kidogo, kwa sababu mkono, ulimi na moyo ndio mpangilio ule ule wa hadithi tuliyofundishwa kuhusu anayeona uovu: auondoe kwa mkono wake, asipoweza kwa ulimi, asipoweza kwa moyo. Hadithi inavitaja viungo hivyo vya kuuondoa uovu, na kadi inavitaja hivyo hivyo kama mahala ambapo uovu hujificha.

Nitasimulia na langu, ambalo ni dogo. Bibi yangu alikuwa mkulima wa mwani. Kuna msimu mnunuzi mmoja alileta mizani ambayo mshale wake haukuanzia sifuri. Ulianza chini yake, kiasi cha kilo mbili hivi, na kila gunia likala hasara hiyo. Wanawake walisema, hawakusikilizwa. Siku ya pili wakayaleta magunia yao mpaka ufukweni, wakayapanga safu, wakakaa juu yake, na hakuna aliyepandisha gunia mizanini. Vijana walitaka kuitupa mizani baharini. Bibi akakataa, na akatoa sharti ambalo mimi, nikiwa mtoto, nililiona la ajabu: asiyeweza kuuzuia ulimi wake asimtukanie mpimaji mama yake, basi arudi nyumbani akapike. Wawili walirudi. Waliobaki walikaa mpaka maji yakajaa, wakishona ukili, na kila mpimaji alipopita wakimuitikia salamu yake.

Bibi hakumjua King wala Gandhi. Msichana wako aelezwe na hilo.

Msomaji wa Chake Chake anajibu:

Nimewasoma nyote kwa heshima, na bado naona kijana aliyechekesha darasa ameguswa juu juu tu. Naomba nimtetee.

Kwanza, King hakuzaliwa na njia hii. Nyumba yake ilipotiwa bomu tarehe 30 Januari 1956 aliwatuliza watu waliokusanyika na silaha zao, ndiyo, lakini pia aliomba kibali cha kumiliki bunduki, akanyimwa. Bayard Rustin, mwanaharakati aliyelelewa katika mafunzo ya Wakwekeri, Wakristo wanaokataa vita, na aliyewahi kufika India, alipokwenda Montgomery mwezi wa Februari alikuta walinzi wenye silaha na bastola kwenye kiti sebuleni. Ni Rustin na wenzake waliomshawishi taratibu aitoe. Mtu anayefundishwa imani ya kutopiga huku bastola iko kwenye kiti alianza na mbinu, na imani ikaja baadaye. Mimi simlaumu, ila tusimpambe.

Pili, hata Gandhi wa Afrika Kusini alipigania haki za Wahindi, na maandishi yake ya miaka ile ya mwanzo yana maneno ya kuwadharau Waafrika ambayo hayasomeki kwa raha. Ukweli alioushika wakati ule haukuwa umemfikia kila mtu.

Tatu, wapo waliomjibu King kutoka ndani ya dini. Malcolm X, kiongozi Muislamu wa Wamarekani weusi, alirudi kutoka Hijja mwaka 1964 bila ya chuki dhidi ya kila mzungu, na bado akasema kwamba mtu ana haki ya kujitetea. Mwezi wa Disemba mwaka huo alimkaribisha jukwaani, mjini New York, mtu wetu, Abdulrahman Babu, na sidhani kama kuna aliyetegemea kusikia habari za kutonyanyua mkono kutoka kwa waziri aliyetokana na Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka ule ule.

Lakini kuna jambo linaloniumiza zaidi, nalo ni la kwetu. Kususia tumekujua mapema sana. Mwaka 1937, ilipotoka sheria ya kuipa jumuiya ya wakulima wa karafuu ukiritimba wa ununuzi, wafanyabiashara wa Kihindi hapa visiwani waligoma kufanya biashara ya karafuu, na chama cha Congress kule India kikawataka watu wasinunue karafuu ya Zanzibar, mpaka serikali ikakubali mapatano mwaka 1938. Ilikuwa njia ya Gandhi kwa herufi zake, na hakuna damu iliyomwagika. Lakini muulize mkulima wa Pemba aliyekuwa na deni kwa mfanyabiashara huyo huyo na karafuu yake iko jamvini, ilikuwa haki ya nani. Kisha ikaja zama za siasa. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957 watu wa chama hiki na wa chama kile walisusiana maduka, wakasusiana mabasi, harusi, na mwisho wakasusiana mazishi, jirani akipita na jeneza na jirani akifunga mlango. Hakuna aliyepigwa kofi. Juni 1961, katika ghasia za uchaguzi, watu 68 wakauawa kwa siku chache. Sisemi kwamba kususiana peke yake ndiko kulikozaa mauaji yale, maana sababu zilikuwa nyingi. Nasema kwamba kule Marekani na hapa kwetu tendo la nje lilikuwa moja, watu kumkatia mwenzao mahusiano, na mwisho haukuwa mmoja.

Basi Mwana wa Paje, ile kadi yako ya ngumi, ulimi na moyo ndiyo inayonikwamisha. Sisi tuliizuia ngumi kwa miaka minne. Ulimi hatukuuzuia hata siku moja, na nyimbo za mikutanoni za wakati ule wazee wanazikumbuka mpaka leo, hawataki tu kuziimba. Kijana ana haki kwamba kususia ni chombo na chombo hakina dini. Ila chombo hicho kisipokuwa na dini, nimeshakiona kilivyotumika kwetu, na sijui nimpe jibu gani.

Mzee wa Malindi anaongeza:

Msomaji, umesema kweli kuhusu mazishi. Mimi nilikuwa mtoto mdogo na nakumbuka baba yangu alirudishwa mlangoni, na kanzu yake ya kuzikia amevaa. Alikaa barazani mpaka magharibi bila ya kuivua. Sina la kukupinga hapo.

Nina neno moja tu juu ya ile bastola. Wewe unaona kwamba King alianza na mbinu. Mimi naona kwamba mtu aliyekuwa na bastola kwenye kiti akaitoa, huku mabomu yanaendelea, ndiye anayemjibu kijana, kwa sababu kijana alisema kwamba wangekuwa nazo wangezitumia. Alikuwa nayo.

Maalim wa Wete anarudi:

Wazee wangu, nawashukuru. Leo nimeingia darasani.

Sikuanza na King. Niliandika ubaoni msemo ambao kila mmoja wao anaujua, mkono usioweza kuukata ubusu, nikawauliza kama upo mkono ambao mtu hakuukata na hakuubusu. Walinyamaza muda mrefu. Kisha yule yule kijana akasema, Bilal. Sikumtajia mimi. Nikamuuliza kama Bilal alikuwa mnyonge. Akasema alikuwa mtumwa, lakini hapana. Nikamwambia aandike sentensi hiyo kama alivyoisema, na neno lile "lakini" asilifute.

Msichana nilimpa Badshah Khan, na ameondoka akiniuliza kwa nini habari hiyo haikufika kwenye vitabu vyetu vya dini wala vya historia. Sikuwa na jibu. Zama za siasa sikuthubutu kuzigusa, Msomaji wa Chake. Nusu ya darasa wana mababu upande huu na nusu upande ule, na sijajua namna ya kulifungua jambo hilo bila ya kuwarudisha watoto kwenye milango iliyofungwa. Nitahitaji muda, na pengine nitakuomba uje skuli tukae wawili kwanza.

Mwana wa Paje, wanafunzi wanataka kujua jambo moja ambalo hukulisema. Ile mizani ilikuwaje?

Mwana wa Paje anajibu:

Siku ya tatu mpimaji mwenyewe alipindua sahani, akatoa bisibisi mfukoni, akaurudisha mshale mpaka kwenye sifuri mbele ya macho ya kila mtu. Kwanza lilipimwa gunia la wale wawili waliorudishwa nyumbani, maana bibi alisema wao ndio waliokasirika zaidi. Jua lilikuwa kali, na mpimaji alikuwa hajanywa kitu tangu asubuhi. Bibi alinituma nikamletee dafu.